Mvule, mkaratusi au mwaloni wa dukani: sakafu ya mbao kwa nyumba mpya ya Ruai

Swali: Tunamalizia bangalo yetu huku Ruai. Slebu ilimwagwa Machi, na skridi, lile tabaka la saruji na mchanga la kusawazisha juu yake, ina wiki tatu sasa. Sebuleni na katika vyumba vitatu vya kulala nataka sakafu ya mbao ngumu. Mume wangu anataka mvule kwa sababu nyumba ya baba yake ilikuwa na mvule. Fundi wetu anasema mkaratusi ni mgumu kuliko mvule na bei yake haifiki nusu. Duka moja Westlands nalo limetushawishi tuchukue mwaloni wa matabaka kutoka Ulaya. Tuna watoto wawili na mbwa mkubwa, na tumepanga kuhamia kabla ya Krismasi. Tuchague upi? – Mama wa wawili, Ruai

Jibu: Dada, umenitajia miti mitatu, lakini kilichonishtua ni kile ulichokitaja kwa kupita tu, kwamba skridi ina wiki tatu. Nimeweka na kurekebisha sakafu za mbao hapa Nairobi kwa zaidi ya miaka ishirini. Sakafu nilizoitwa kuzing'oa karibu zote ziliharibiwa na maji, ama yaliyokuwa ndani ya ubao, ama yaliyokuwa ndani ya zege. Chache sana ziliharibika kwa sababu mtu alichagua mti mbaya. Kwa hiyo nitaanza na maji, kisha nirudi kwenye mvule wa shemeji.

Ubao hata ukishakatwa, ukapigwa randa na vanishi, huendelea kunywa na kutoa unyevu wa hewa maisha yake yote. Mvua za Aprili zikikolea unapanuka, jua la Februari likikausha nyumba unasinyaa. Mabadiliko hayo huwa kwenye upana. Urefu hausogei kiasi cha kukusumbua. Katika nyumba za Nairobi mbao zilizotulia huwa na unyevu wa asilimia 10 hadi 13 hivi, kutegemea msimu. Sasa tupige hesabu. Chukua ubao wa upana wa milimita 100, wa mti ambao upana wake hubadilika kwa asilimia 0.2 kila unyevu unapopanda au kushuka kwa asilimia moja. Ukiuweka ukiwa na 10, kisha ukapanda hadi 13, umeongezeka milimita 0.6. Hata jicho halioni. Lakini chumba cha mita 4 kina mbao 40 za namna hiyo zilizobanana, na 0.6 mara 40 ni milimita 24, karibu inchi nzima. Hiyo inchi lazima ipate pa kwenda.

Geuza hesabu upande wa pili. Ubao umetoka Gikomba ukiwa na asilimia 20, fundi akaupigilia wiki hiyo hiyo. Baada ya miezi kadhaa ndani ya nyumba unashuka hadi 11. Kila ubao umepungua milimita 1.8, na kati ya kila mbili kuna mwanya wa kutumbukiza sarafu. Hapo hakuna vanishi wala putty itakayouziba ikakaa, kwa sababu msimu ukibadilika mbao zitasogea tena na kuitema.

Hili nililijua kwa uchungu. Miaka mingi iliyopita niliweka mvule katika sebule moja ya Lavington, mwezi Februari. Mbao zilikuwa zimetoka kwenye tanuri la kukaushia, kavu kabisa, na hapo ndipo niliporidhika mapema. Nilizigonga mpaka wembe usipite kati yake, nikazifikisha hadi ukutani kwa sababu mwenye nyumba hakutaka kuona mwanya wowote. Mvua za Aprili ziliponyesha nikapigiwa simu kwamba sakafu imefanya tuta. Nilikuta katikati ya sebule mbao zimeinuka kiasi cha kupitisha ngumi chini yake, na upande wa dirishani zimeisukuma skatingi, ule ukanda wa ubao wa chini ya ukuta, hadi plasta ikapasuka. Niling'oa zote na kuziweka upya kwa gharama yangu. Tangu siku ile kila sakafu ninayoiweka huwa na nafasi ya milimita 12 hadi 15 kuzunguka kuta zote, na skatingi ndiyo inayoifunika nafasi hiyo. Fundi akikuambia atabana hadi ukutani ili ipendeze, msimamishe.

Muuzaji yeyote atakuapia kwamba mbao zake ni kavu. Usibishane naye, pima. Chagua ubao mmoja katikati ya rundo, si ule wa juu uliopigwa na jua, umwombe akukatie kipande cha upana wa vidole viwili, angalau futi moja na nusu kutoka mwisho wa ubao, maana ncha hukauka kwanza na zitakudanganya. Kipande hicho kitie ndani ya mfuko wa plastiki papo hapo, ukifunge. Nyumbani kipime kwa mizani ya jikoni inayosoma gramu, uandike. Kisha kiweke kwenye oveni ya nyuzi 100 hivi, ukipime kila baada ya saa moja au mbili mpaka uzito ukome kushuka. Huenda ikachukua siku nzima. Toa uzito wa mwisho kwenye uzito wa kwanza, ugawanye kwa uzito wa mwisho, uzidishe kwa 100. Kipande kilichoanza na gramu 224 kikatulia kwenye 200 kilikuwa na unyevu wa asilimia 12, na mbao hizo nunua. Kilichoanza na 236 kikatulia kwenye 200 kilikuwa na 18. Hizo ama uziache, ama uzinunue ukijua utazikausha mwenyewe. Mafundi wengine wana kipima unyevu chenye sindano mbili, nacho kinafaa, mradi sindano zichomwe kwenye mkato mpya wa ndani, siyo kwenye ngozi ya ubao.

Sasa zege lako. Zege na skridi humwagwa na maji mengi, na maji hayo hutoka polepole kupitia juu. Kipimo cha mafundi wa sakafu ni mwezi mmoja kwa kila inchi ya unene, kuanzia siku ambayo nyumba imeezekwa na madirisha yamefungwa. Skridi yako ikiwa ya inchi mbili inahitaji miezi miwili ya hewa kavu, na wewe unaingia msimu wa vuli, mvua za Oktoba hadi Desemba. Slebu ya Machi ilikuwa imepiga hatua, lakini skridi ilipomwagwa juu yake ilinyweshwa upya.

Ruai ina jambo jingine la kuongeza. Udongo wenu mweusi hunywa maji ukavimba, na huyashikilia muda mrefu baada ya mvua kukatika. Kama chini ya slebu haikutandikwa karatasi nzito ya polithini, ile ya geji 1000, iliyopandishwa pembeni na kuunganishwa vizuri, unyevu wa ardhi utaendelea kupanda ndani ya zege miaka yote. Muulize mkandarasi, na umwombe picha za siku ya kumwaga slebu. Wengi huzipiga siku hizi. Muulize pia kama udongo ulinyunyiziwa dawa ya mchwa kabla ya zege, maana mchwa hupenya kwenye ufa mwembamba kuliko unavyodhani.

Kupima zege ni rahisi. Kata plastiki nyepesi inayoonyesha, ya nusu mita kwa nusu mita, uibandike sakafuni kwa utepe wa gundi pande zote nne pasiwe na upenyo. Iache siku mbili. Ukiibandua ukakuta matone upande wa chini, au skridi imegeuka rangi ikawa nyeusi kuliko ya pembeni yake, bado. Fanya hivyo kila chumba, hasa kwenye kona zilizo karibu na bafu na upande ambao maji ya paa humwagika nje.

Kwa hiyo Krismasi, dada, isahau kwa upande wa mbao. Hamieni, hakuna ubaya. Skridi iliyosuguliwa vizuri inakaliwa. Tandikeni mikeka, au mazulia mepesi yanayoinuliwa, lakini msibandike kitu chochote kinachoifunga skridi isipumue. Nasema hivi bila kujali mti mtakaochagua. Hata ule mwaloni wa Westlands ukiwekwa juu ya skridi hiyo Desemba utaharibika.

Tuje kwenye miti. Fundi wenu amesema kweli kwamba mkaratusi ni mgumu, lakini ugumu siyo shida ya mkaratusi. Miti yetu ya mashambani hukua haraka sana, na ndani ya gogo mna mvutano unaoachiliwa msumeno unapopita. Ndiyo maana ubao wa mkaratusi hupasuka kwenye ncha na kujipinda ungali kiwandani. Ukikauka husinyaa zaidi ya mvule kwa kiasi kikubwa. Nimeuona mkaratusi ukifanya sakafu nzuri, lakini ulikuwa wa miti mikubwa iliyokomaa, umepasuliwa kwa kufuata mishipa wima, na umekaushwa polepole tanurini. Huo haupatikani kwa nusu ya bei ya mvule. Wa nusu bei ni ule uliokuwa shambani mwezi uliopita.

Mvule ni chaguo zuri, na shemeji anajua anachokumbuka. Uzito wake ukiwa mkavu ni kama kilo 650 kwa mita ya ujazo, ugumu wa kutosha kwa watoto na mbwa, na kiini chake kina mafuta asilia yanayoufanya mchwa na ukungu viuogope. Unasogea kidogo tu msimu ukibadilika. Mwingi unaouzwa Nairobi hutoka Kongo na Uganda. Wa kwetu umebaki kidogo. Angalia mambo mawili unapochagua. La kwanza ni rangi. Kiini ni cha dhahabu kinachoelekea kahawia, lakini pembeni mwa ubao mara nyingine utaona ukanda mweupe au wa njano iliyofifia. Huo ni ubao wa nje ya mti, hauna ile kinga, na bungua huingia humo hata kama ubao uliobaki ni imara. Kataa mbao zenye huo ukanda, au zikatwe upande huo. La pili ni vumbi. Vumbi la mvule huwasha ngozi na kubana kifua, kwa hiyo siku ya kupiga msasa watoto wasiwepo na fundi avae barakoa ya maana. Ukiona msumeno wake unatoa cheche katikati ya ubao usishangae, mvule huwa na vijiwe vya chokaa ndani yake.

Mninga wa Tanzania nitautaja kwa sababu mtu atakuuzia. Kwa kutulia sijauona mfano wake. Hausogei kirahisi kabisa. Mkongo nao ni mgumu na mzuri. Lakini tangu mkutano wa Panama, Novemba 2022, wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe na mimea iliyo hatarini, mninga, mkongo na mkangazi wa Afrika vyote viko kwenye orodha ya miti ambayo biashara yake kuvuka mipaka lazima iwe na kibali. Muuzaji akuonyeshe karatasi. Akianza kuzungukazunguka, toka.

Na sasa mti ambao hukuutaja, na ambao mimi ningeuweka nyumbani kwangu: muhuhu. Nyumba nyingi za zamani za Kileleshwa, Kilimani na Woodley zina sakafu za vibao vidogo vilivyopangwa kama mkeka, na nyingi ni za mti huu. Muhuhu ulimea hapa hapa, katika misitu ya Karura na Ngong na huko pwani. Ulikatwa kwa miaka mingi kwa ajili ya sakafu na vinyago, na leo mtu mwenye dhamira hanunui uliokatwa jana. Lakini nyumba hizo zinabomolewa kila mwezi ili magorofa yapande, na vibao vyake huuzwa pamoja na milango na mabati ya zamani. Mwaka jana nilinyanyua kimoja kwenye nyumba iliyokuwa inasubiri tingatinga. Juu kilikuwa cheusi kwa miongo ya polishi, chini kimeganda lami iliyotumika kukibandika. Nilikikwangua pembeni kwa patasi. Ndani kilikuwa na rangi ya asali, hakina ufa hata mmoja, na harufu ile tamu ya muhuhu ikatoka kana kwamba mti umekatwa asubuhi ile. Uzito wake unakaribia kilo 900 kwa mita ya ujazo. Kucha za mbwa hazitaufanyia lolote la maana.

Uzuri mwingine wa vibao hivyo ni kwamba vilishamaliza kukauka zamani, na kwa kuwa ni vifupi na vyembamba, kila kimoja husogea kidogo sana na maungio mengi hugawana mzigo. Kazi yake ni kuondoa lami. Ikwanguliwe kwa patasi pana kikiwa baridi, asubuhi, inapokatika vipande vipande. Isichomwe moto, na isipelekwe kwenye mashine ya msasa kwa sababu itaziba karatasi dakika ya kwanza. Nunua robo zaidi ya eneo lako, maana vingine vitavunjika ncha na vingine vitakuwa na matundu ya misumari. Vibao vya sebule moja vinaweza kupatikana kwenye nyumba moja. Vya nyumba nzima itakubidi uzunguke.

Mwaloni wa matabaka sio wa kudharau. Juu ni mwaloni halisi, chini ni matabaka yaliyopishanishwa ili moja lizuie lingine kusogea, na kwa hilo hutulia kuliko ubao mzima. Mwombe muuzaji kipande ukitazame pembeni, upime tabaka la juu kwa rula. Likiwa na milimita 2, ni sakafu ya maisha mafupi, kwa sababu mbwa akishalichora huwezi kulipiga msasa bila kutokeza plaiwudi. Likiwa 4 hadi 6, unaweza kulipiga msasa mara mbili au tatu katika maisha yake, na hapo bei inaanza kuwa ya haki. Mbao za Ulaya hukaushwa kwa ajili ya nyumba zenye mitambo ya kupasha joto, kavu kuliko hewa yetu, kwa hiyo zikifika lazima zikae ndani ya nyumba yako wiki kadhaa kabla ya kuwekwa. Na hakikisha ni mwaloni kweli. Kinachouzwa kwa jina la sakafu ya mbao katika maduka mengi ni laminati, yaani picha ya mbao juu ya ubao wa unga uliogandamizwa. Maji yakiingia kwenye maungio yake huvimba kama mkate na hairudi.

Nikichagua kwa niaba yenu: sebuleni vibao vya muhuhu wa kale kama mtavipata, na kama hamtavipata, mvule. Vyumba vya kulala, mvule. Mbao ziwe za upana wa inchi 3, si 6 hata kama 6 zinapendeza dukani, kwa sababu ubao mwembamba husogea kidogo na haukunjiki mgongo. Unene milimita 20 baada ya randa, wenye ulimi upande mmoja na mfereji upande wa pili. Jikoni na karibu na mlango wa bafu wekeni vigae.

Kuhusu mbwa, tofautisha kubonyea na kuchorwa. Kubonyea hutegemea mti, kuchorwa hutegemea kilichopakwa juu. Vanishi inayong'aa sana huonyesha kila mstari wa kucha, na ikichorwa sehemu moja lazima upige msasa chumba kizima. Kwa nyumba yenye mbwa napendelea mafuta magumu ya nta, yasiyong'aa. Hayalindi maji sana kama poliyurethani, lakini pakichakaa mlangoni unapaka hapo hapo ukamaliza. Mkichagua vanishi ya mafuta juu ya mvule, kumbukeni kwamba mafuta ya mvule wenyewe huzuia baadhi ya vanishi kukauka. Nimekuta sakafu inayonata wiki mbili baada ya kupakwa. Fundi aifute kwa thina, ajaribu kwanza kwenye kipande kilichobaki, asubiri siku mbili aone. Baadaye, adui mkubwa atakuwa mchanga wa mlangoni na ndoo ya deki. Deki ipigwe kwa kitambaa kilichokamuliwa mpaka kisidondoke.

Ratiba, basi. Mbao zinunuliwe Novemba, baada ya kupima kile kipande. Zipangeni ndani ya nyumba yenyewe, kwenye chumba chenye hewa, zikiwa na vijiti vya inchi moja kati ya kila safu na safu ya chini ikiinuliwa kutoka sakafuni. Zikae humo Desemba na Januari zikizoea hewa ya nyumba. Mwisho wa Februari bandikeni ile plastiki tena kila chumba. Ikitoka kavu mara mbili mfululizo, fundi aanze, na kwa kuwa ndio wakati mkavu kuliko yote, asibane mbao kwa nguvu na aache milimita 15 ukutani, maana mwezi unaofuata masika yanaanza. Ikitoka na matone hata Februari, basi unyevu unatoka ardhini, na mtahitaji kupaka skridi kizuizi cha maji kabla ya gundi. Msiruke hatua hiyo kwa sababu fundi ana kazi nyingine anayoiwahi.

Kile kipande cha mvule ukishakipima, niandikie gramu za mwanzo na za mwisho, pamoja na unene wa skridi yenu, nikuambie kama rundo hilo linafaa kulipiwa.